Endofiti: kuvu waishio ndani ya jani

Chuma jani la mwembe Buhemba, mkoani Mara, la kijani kibichi, lisilo na doa. Kwa macho ni mwembe mtupu, lakini karibu kila mmea uliowahi kuchunguzwa duniani umekutwa na kuvu ndani ya tishu zake, katikati ya seli, bila dalili yoyote ya ugonjwa. Kuvu wa namna hiyo huitwa endofiti. Asili ni Kigiriki: endon ni ndani, phyton ni mmea, na Mjerumani Anton de Bary alilitumia neno hilo tangu 1866.

Kwa Kiswahili tumwiteje? Fangasi limezoeleka, ila kwenye duka la dawa muhimu fangasi ni ugonjwa: muwasho kati ya vidole, mabaka ya ngozi. Kwa kiumbe chenyewe nachagua kuvu, neno ambalo tayari limeshika mizizi katika sumukuvu, ile sumu ya nafaka iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Wapo wanaosema kimelea. Kwa mzizi wake, kumelea, lingefaa sana, lakini matumizi yamelifunga: kimelea ni mnyonyaji, kama yule wa malaria. Na anayetaka kuunda kuvundani kwa kufuata sumukuvu atambue kwamba msikilizaji atasikia kuvunda. Basi endofiti libaki, na linapotajwa mara ya kwanza lifafanuliwe: kuvu aliyemo ndani ya mmea pasipo dalili za ugonjwa.

Nimesema pasipo dalili, sikusema asiyedhuru, na nina sababu. Jenasi ya Pestalotiopsis inaonyesha vizuri. Kuvu wake hukaa kimya ndani ya jani zima. Jani likichoka au likijeruhiwa, kuvu wa kundi hilohilo huweza kuleta mabaka ya kijivu yenye vidoa vyeusi, kwenye miembe na kwenye chai. Endofiti, basi, ni hali ya kuishi, si ukoo.

Kumtoa endofiti ndani ya jani kunahitaji uangalifu. Jani huoshwa, hutumbukizwa kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha kwenye jiki iliyopunguzwa makali, halafu husuuzwa kwa maji yaliyotakaswa. Vipande vidogo hulazwa juu ya chakula cha viazi kilichogandishwa kwa agari. Tone la maji ya suuzo la mwisho nalo huwekwa kwenye sahani yake: likiota kitu, jani halikutakata, na kilichoota hakiwezi kuitwa endofiti. Chini ya hadubini, kijimbegu cha Pestalotiopsis kina seli tano. Tatu za kati ni za kahawia, mbili za ncha hazina rangi, na kichwani kuna vijinyuzi viwili au vitatu.

Jenasi hiyo iliundwa mwaka 1949 na Mbelgiji René Steyaert, aliyechunguza magonjwa ya mimea Kongo. Ndiye pia aliyempa jina kuvu wa mnyauko wa kahawa, Fusarium xylarioides, ambaye miaka ya 1990 aliangamiza mibuni ya robusta Uganda na kufika Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria kutoka Musoma. Mwaka 2014 Pestalotiopsis iligawanywa, zikatoka Neopestalotiopsis na Pseudopestalotiopsis, kwa rangi ya zile seli za kati na kwa mpangilio wa vinasaba. Majina haya hayatafsiriwi.

Kuhusu dawa, mwaka 1996 mtafiti Gary Strobel na wenzake walitangaza kwamba Pestalotiopsis microspora, kutoka mti wa Himalaya uitwao Taxus wallichiana, alitoa taksoli, dawa ya saratani: mikrogramu 60 hadi 70 kwa lita, kiasi kidogo mno. Baadaye wachunguzi wengine walitilia shaka kama kuvu wa aina hii huitengeneza wenyewe, na dawa ya hospitali haitoki kwao. Mwaka 1999 kuvu mwingine, wa jenasi ya Pseudomassaria, aliyepatikana kwenye mmea wa karibu na Kinshasa, alitoa kiambata kilichoshusha sukari ya panya wenye kisukari kilipotolewa kwa mdomo. Hakikuwa dawa ya binadamu.

Kwa hiyo, anayeandika kwamba endofiti fulani ni dawa aandike kwanza kiambata, kipimo na kama ni panya au mtu. Na majani yaliyoota ukungu yasichemshwe kunywewa: kuvu anayetoa kiambata chenye faida huweza kutoa na sumu papo hapo.