Tembe ya Saratani ya Matiti: Ilikotoka, na Kwa Nini Usiiache Kimyakimya

 

Katika kazi yangu ya kutembelea vijiji, nilimkuta mama mmoja ameficha pakiti nne za tembe nyuma ya mkebe wa unga. Hazikuwa zimefunguliwa. Alikuwa ametibiwa saratani ya matiti, na daktari alimwambia ameze tembe moja kila siku kwa miaka mitano. Nilipouliza, aliniambia, “Sista, zinanichoma mwili usiku. Nimechoka.” Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata binti yake.

Tembe hiyo ni tamoksifeni. Kwenye pakiti utaona imeandikwa tamoxifen. Leo nakueleza historia yake, kwa sababu ukiijua utaona kwamba maneno kama ya mama yule ndiyo yaliyowafundisha wataalamu kutengeneza dawa bora zaidi.

Tuanze mwaka 1896. Daktari wa upasuaji George Beatson, wa mji wa Glasgow huko Scotland, alieleza kwamba baada ya kumtoa mgonjwa ovari, uvimbe wa saratani katika titi ulipungua. Wakati huo hakuna aliyejua sababu. Tena gharama ilikuwa kubwa: kisu, na hedhi kukoma ghafla.

Sababu ilianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1950. Elwood Jensen wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alionyesha kwamba homoni ya estrojeni, inayotoka kwenye ovari, hushikwa na vipokezi maalum ndani ya mwili. Fikiria kufuli la duka pale sokoni Rongo. Kipokezi ni kufuli, estrojeni ni ufunguo. Ufunguo ukizunguka, chembechembe za titi huamka na kuongezeka. Saratani nyingi za matiti hukua kwa njia hiyo.

Basi, je, tunaweza kuziba tundu la kufuli bila kutoa ovari?

Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1962 mwanakemia Dora Richardson, aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya ICI huko Uingereza, alitengeneza tamoksifeni. Kampuni ilikuwa inatafuta dawa ya kupanga uzazi. Kwa panya ilizuia mimba, lakini kwa wanawake iliamsha mayai badala ya kuyazuia! Ingeweza kutupwa hapo. Lakini ilijaribiwa kwa saratani, na mwaka 1971 madaktari wa hospitali ya Christie mjini Manchester walitoa ripoti ya wanawake 46 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeendelea sana. Kumi kati yao walipata nafuu nzuri, na madhara yalikuwa machache kuliko ya dawa za homoni zilizotumika wakati huo. Uingereza iliikubali mwaka 1973, Marekani mwaka 1977.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ufunguo huu wa bandia hauna tabia moja mwili mzima. Katika titi huingia kwenye kufuli ukakwama, na estrojeni haipati nafasi. Katika mfupa hufanya kazi kama estrojeni, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hilo ni jema, kwa kuwa huzuia mifupa kuwa dhaifu. Lakini katika nyumba ya uzazi pia huamsha, na hapo kuna hatari.

Hatari hiyo ilijulikana kwa sababu wanawake walifuatiliwa na dalili zao zikaandikwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1998, wenye wanawake zaidi ya 13,000 waliokuwa katika hatari ya kupata saratani, ulionyesha mambo mawili. Tamoksifeni ilipunguza saratani ya matiti karibu nusu. Pia iliongeza saratani ya nyumba ya uzazi na damu kuganda kwenye mishipa, hasa kwa waliopita umri wa miaka 50.

Kutokana na somo hilo, watafiti kama Craig Jordan walitafuta ufunguo unaochagua vizuri zaidi. Raloksifeni ilikubaliwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya mifupa ya wanawake waliokoma hedhi. Mwaka 2006 ililinganishwa na tamoksifeni katika kuzuia saratani ya matiti, na ilileta matatizo machache ya nyumba ya uzazi na ya damu kuganda. Hata hivyo, walipofuatiliwa kwa miaka zaidi, kinga yake ilionekana kuwa ndogo kidogo. Na haitumiki kutibu saratani ya matiti iliyokwisha kuanza. Dawa isiyo na madhara yoyote bado haijapatikana.

Na hapa kwetu Kenya? Mwaka 2008 madaktari wa hospitali ya Kijabe waliripoti kwamba kati ya saratani walizopima, asilimia 24 tu zilikuwa na vipokezi vya estrojeni. Ungedhani dawa hii si ya wanawake wetu. Lakini mwaka 2014 utafiti mwingine wa Kenya, uliozingatia jinsi nyama iliyokatwa inavyohifadhiwa, ulipata zaidi ya asilimia 70. Nyama ya kipimo ikichelewa kuwekwa kwenye dawa ya fomalini, vipokezi huharibika na kipimo hudanganya. Kwa hiyo uvimbe ukikatwa, uliza: “Kipimo cha vipokezi kimefanywa? Majibu yako wapi?” Bila vipokezi, tembe hii haisaidii.

Kwa saratani yenye vipokezi, kumeza tamoksifeni kwa miaka mitano hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Ukiiacha kimyakimya, unaitupa kinga hiyo.

Basi shika haya:

Joto la ghafla na jasho la usiku husumbua, lakini mara nyingi si hatari. Mwambie daktari, kuna msaada.

Ukitokwa na damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au damu isiyo ya kawaida, nenda hospitali mara moja.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, usingoje asubuhi.

Usishike mimba ukiwa kwenye dawa hii. Na kama unameza dawa za TB, za ukimwi au za msongo wa mawazo, mwambie daktari, kwani baadhi huingiliana nayo.

Yule mama tulikwenda naye kliniki, yeye na binti yake. Alieleza mwenyewe usiku wake ulivyo. Daktari alimsikiliza, akampangia namna ya kupunguza lile joto, na pakiti ya kwanza ikafunguliwa.

Nawe, kama una pakiti uliyoificha, itoe leo. Njoo nayo zahanati tuzungumze. Hadi kipindi kijacho, kaa salama.