Ingekuwa Wewe, Ungepanda Mnara Huu?

Ukifika Glendalough, kusini mwa Dublin huko Ireland, utakuta mnara wa mawe mwembamba kama penseli, urefu wake kama mita 30. Sasa cheki mlango: uko juu, mita 3 na ushee kutoka ardhini! Unaingiaje? Kwa ngazi.

Minara hii ilijengwa kwenye makao ya watawa, mingi kati ya karne ya 10 na ya 12. Kwa Kiairishi ni cloigtheach, yaani nyumba ya kengele.

Watu husema mlango uliwekwa juu kukwepa maharamia wa Viking: panda, vuta ngazi, umepona. Wataalamu wengi wanaona kuna sababu nyingine: msingi ni mfupi, mlango wa chini ungedhoofisha ukuta.

Na kupona kwenyewe si rahisi. Ndani sakafu zilikuwa za mbao, moto ukiwashwa chini unapanda kama kwenye bomba la moshi. Mwaka 950 Waviking wa Dublin walichoma mnara wa Slane, na watu wakafia humo.

Mafundi wake hatuwajui hata majina, ila mawe yao bado yamesimama. Ungepanda, au ungekimbilia msituni?