Stika ya chunusi ilianzia tumboni

Unabandika kile kistika cha duara juu ya chunusi usiku, unalala. Asubuhi unakibandua, katikati kimevimba na kuwa cheupe pee. Wengi hushangilia hapo hapo: "Umeona? Kimevuta usaha wote!" Tusikimbilie. Ili kujua kistika kimefanya nini usiku ule, inabidi tujue kilitengenezwa kwa kazi gani, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu hakikutengenezwa kwa ajili ya chunusi.

Kubandika kitu usoni si jambo jipya. Ulaya ya karne ya 17, watu wenye uwezo walibandika vipande vidogo vyeusi vya hariri au mahameli, vingine vimekatwa kama nyota au mwezi mwandamo. Ilikuwa fasheni, na pia njia ya kuficha makovu ya ndui na vipele. Wafaransa waliviita "nzi". Mwaka 1711, jijini London, mwandishi Joseph Addison aliwatania wanawake kwamba wanachagua shavu la kubandika kufuatana na chama cha siasa wanachokipenda. Lakini vile vilificha tu, havikutibu chochote.

Stika ya leo ina ukoo mwingine kabisa. Kuna wagonjwa ambao utumbo wao umeharibika kiasi kwamba daktari hutoboa tundu tumboni ili choo kitokee hapo na kuingia kwenye mfuko. Choo kinachotoka utumbo mwembamba bado kina vimeng'enya, na vimeng'enya havibagui nyama uliyokula na ngozi yako mwenyewe. Mfuko ukivuja, ngozi inachubuka, na ngozi iliyochubuka inatoa majimaji. Sasa utabandika nini hapo? Plasta ya kawaida inataka pakavu.

Miaka ya 1950, katika hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani, daktari wa upasuaji Rupert Turnbull alianza kutumia unga wa karaya, utomvu wa mti unaotoka India. Unga huo ulikuwa tayari unatumika kushikilia meno bandia, na mdomoni hakuna pakavu. Mwaka 1958 alimwajiri Norma Gill, mgonjwa wake mwenyewe aliyekuwa akiishi na tundu hilo, awahudumie na kuwafundisha wagonjwa wenzake. Kwangu mimi mama huyu anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa, maana fani nzima ya uuguzi wa wagonjwa wa aina hii ilianza na mtu aliyejua mfuko unavyovuja saa nane usiku.

Karaya ilikuwa na kasoro, iliyeyuka upesi. Kilichoishinda kilitokea mdomoni pia. Kampuni ya Squibb ilikuwa na mchanganyiko wa jelatini, pektini na aina ya selulosi, uliotumika kwenye vidonda vya mdomo. Vitu hivi hunywa maji na kugeuka kitu kama uji mzito. Ukivichanganya na gundi ya mpira, unapata kipande chembamba kinachoshika hata ngozi yenye unyevu. Wataalamu wanakiita haidrokoloidi. Miaka ya 1970 vipande hivyo vilikuwa vinabandikwa kuzunguka matundu ya tumboni.

Huku nyuma, mtafiti mmoja Mwingereza alikuwa ameshapindua imani ya zamani. Hata leo nyumbani ukijikata utaambiwa kiache kidonda kipigwe upepo kikauke. Mwaka 1962 George Winter alichapisha kwenye jarida la Nature jaribio alilofanya kwa nguruwe wadogo. Aliwafanyia vidonda vya juujuu mgongoni, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kwa plastiki ya polithini. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili. Sababu yake ni rahisi. Kidonda kikikauka kinaweka gamba, na seli mpya zinalazimika kuchimba njia chini ya gamba hilo. Penye unyevu zinateleza tu. Mwaka uliofuata watafiti wengine walipata matokeo ya namna hiyo kwa binadamu.

Unganisha hayo mawili, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 haidrokoloidi ikaanza kuuzwa kama bandeji ya vidonda. Kuanzia hapo hadi usoni ilikuwa suala la mkasi. Masoko ya Asia Mashariki ndiyo yaliyoikumbatia kwa chunusi, na mwaka 2006 ulichapishwa utafiti mdogo kutoka Taiwan, watu 20 tu, uliolinganisha stika hiyo na utepe wa kawaida wa ngozi. Wekundu na mafuta vilipungua zaidi kwa waliotumia stika. Ni dalili nzuri, ila kwa watu 20 siwezi kukuambia jambo limekwisha.

Turudi kwenye ule weupe. Sehemu kubwa yake ni stika yenyewe iliyokunywa majimaji na kuvimba. Idondoshee maji, utaona inaanza kubadilika rangi bila usaha wowote.

Kwa hiyo stika hii inajua kazi moja: kidonda cha juujuu kinachotoa majimaji. Chunusi iliyokwisha kupasuka au yenye kichwa cheupe ni kidonda cha namna hiyo. Lile jipu gumu linalouma chini ya ngozi, halina mlango wa kutolea kitu, na stika haina mkono wa kulifikia. Vichunusi vyeusi vya puani navyo vimeziba kwa mafuta na seli zilizokufa, siyo majimaji. Chunusi za kesho hazizuii kabisa, hizo zinataka dawa kama benzoili peroksaidi au adapaleni, na zikiwa nyingi, daktari wa ngozi.

Kuna faida moja ambayo matangazo huitaja kwa haraka. Kwenye ngozi nyeusi, chunusi ikishapona huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi, na kuminya kunazidisha uvimbe unaoleta doa hilo. Stika ikiwa juu, kidole hakifiki. Osha uso, kausha vizuri, bandika kabla ya mafuta yoyote, iache usiku kucha, kisha ibandue taratibu kutoka pembeni.