Safu ya Lugha: Sanifu

Neno sanifu tumelizoea pale penye Kiswahili sanifu: mkutano wa Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi. Siku hizi mafundi wa tovuti nao wanalitumia. Ukurasa sanifu, kwao, ni ule unaofuata kanuni za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti.

Kurasa nyingi haziandikwi moja moja na mtu. Seva huziunda papo hapo kutokana na kiolezo kimoja, kwa hiyo kosa la kiolezo huzaa kurasa mbovu bila idadi.

Tuseme msomaji asiyeona yuko Ipinda, wilayani Kyela, na simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Bei ya mchele wa Kyela imeandikwa kwa Kiswahili safi kabisa, ila kiolezo kimetangaza lugha kuwa "en", yaani Kiingereza. Simu hutii alama hiyo. Basi "mchele" unatamkwa Kizungu, na bei yenyewe haieleweki! Dawa ni herufi mbili tu: "sw".

Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Kyela, nacho kina alama yake, "nyy", nayo ni hiyohiyo kwa Kingonde cha Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe ulio mpakani. Hapo wenye viwango walifanya vizuri kuliko wachora mipaka. Anayeweka salamu ya Kinyakyusa "ugonile" ndani ya ukurasa wa Kiswahili aizungushie alama hiyo.

Wenye tovuti, fungueni violezo vyenu mkague mstari wa lugha.