Lawama Ndani ya Kanisa: Wakatoliki na Vita Kaskazini mwa Msumbiji, 1940–2021

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi Mocímboa da Praia, wenyeji wengi ni Waislamu, na sehemu kubwa ya Wakristo ni Wamakonde wenye asili ya nyanda za juu za Mueda. Wakristo wakilaumiana huko, jirani asiye wa dini yao naye husikia. Kwa hiyo haishangazi kwamba viongozi wa Kanisa wamekuwa wakihimiza umoja, na kwamba anayemlaumu mwenzake hadharani huonekana kapungukiwa upendo. Hata hivyo, historia ya Wakatoliki wa Msumbiji inalazimisha swali jingine: umoja huo ulimlinda nani?

Mzizi wa suala ni mkataba uliotiwa saini mwaka 1940 baina ya Ureno na Vatikani. Maaskofu wa makoloni walitakiwa kuwa Wareno, misheni zilipewa ruzuku na serikali, nayo elimu ya Waafrika ikakabidhiwa kwao. Mapadre wasio Wareno walikubaliwa kwa masharti. Miongoni mwao walikuwamo Wamontfort wa Uholanzi, walioanzisha misheni ya Nangololo mwaka 1924. Watu hao walikuwa karibu na waumini wa Kimakonde kuliko askofu yeyote. Baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, kukaa kimya kulikuwa tayari ni kuchagua upande. Agosti 1964, mwezi mmoja kabla ya FRELIMO kuanzisha vita kule Chai, Padre Daniel Boorman, Mholanzi, aliuawa karibu na Nangololo. Ukaribu na wenyeji haukuwa kinga.

Mgogoro ulipasuka wazi Mei 1971, si Cabo Delgado bali katikati ya nchi. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walitangaza kwamba wanaondoka Msumbiji kwa sababu maaskofu hawakutaka kulaani dhuluma, na kwamba kuendelea kubaki kungewafanya waonekane wanaiunga mkono. Serikali iliwapa saa 48 wawe wametoka. Lawama ziliwaangukia kutoka pande mbili: wapo Wakatoliki walioona wameivunjia Ureno heshima, na wapo waliouliza kondoo wameachiwa nani. Swali hili la pili ndilo zito. Mapadre wa Burgos, Wahispania, walibaki Tete, na ushahidi wao ndio uliowezesha mauaji ya Wiriyamu ya Desemba 1972 kujulikana duniani mwaka uliofuata. Aliyeondoka na aliyebaki wote walilaumu. Tofauti yao ilikuwa katika ushahidi ambao kila mmoja aliweza kuutoa.

Karibu zaidi na pwani, Askofu Manuel Vieira Pinto wa Nampula, jimbo mama la Kanisa la Cabo Delgado hadi mwaka 1957, alifukuzwa nchini Aprili 1974 pamoja na Wamisionari Wakomboni, baada ya waraka uliolikosoa Kanisa lao wenyewe kwa kushikamana na dola. Siku chache baadaye utawala wa Lisbon ulipinduliwa.

Washauri wa sera wanaoichambua vita iliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017 wangefaa kuisoma historia hiyo kabla ya kuwahimiza viongozi wa dini "kuzungumza kwa sauti moja". Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba, Mbrazili, aliposema waziwazi juu ya wakimbizi na vijiji vilivyochomwa, alishambuliwa kuwa ni mgeni anayeichafua nchi: hoja ileile ya uzalendo iliyowahi kutumiwa dhidi ya wamisionari wa 1971. Agosti 2020 Papa Fransisko alimpigia simu kumtia moyo. Miezi miwili baadaye vita viliifikia misheni ya Nangololo na kuiharibu. Februari 2021 Lisboa alihamishiwa Brazili. Machi 24, kabla hata mwezi na nusu haujapita, Palma ilivamiwa, na maelfu ya wakazi wake, Waislamu kwa Wakristo, wakakimbia kwa miguu na kwa mashua.