Shinikizo la damu lisilodhibitika: Kinachomsubiri mgonjwa anayejiunga na jaribio la tiba ya neva za figo

Mtu anayemeza dawa tatu au zaidi kila siku, na bado shinikizo lake la damu halishuki, huwa katika hatari kubwa ya kupata kiharusi, maradhi ya moyo na kushindwa kufanya kazi kwa figo. Mtu wa namna hiyo akialikwa kujiunga na jaribio la tiba mpya, ni rahisi auone mwaliko huo kuwa ni matibabu yenyewe. Jaribio lililojulikana kama SYMPLICITY HTN-3, lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2014, linaonyesha tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili.

Tiba yenyewe ni ipi?

Kuta za ateri zinazopeleka damu kwenye figo zimezungukwa na neva. Neva hizo huzipa figo amri ya kuhifadhi chumvi na maji na kutoa kemikali inayobana mishipa ya damu, na wakati huohuo hurudisha taarifa kwenye ubongo. Zinapofanya kazi kupita kiasi, shinikizo hupanda.

Wazo la kuzikata si geni. Kabla ya kupatikana dawa zinazofaa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari walikata neva za aina hiyo kwa upasuaji mkubwa. Shinikizo lilishuka kwa baadhi ya wagonjwa, lakini wengi walisumbuliwa na madhara, yakiwemo kuzirai wanaposimama.

Njia ya sasa haihitaji upasuaji wa aina hiyo. Daktari hupitisha mrija mwembamba, yaani katheta, kwenye ateri ya kinena hadi kwenye ateri za figo, kisha huunguza neva kwa nishati ya mawimbi ya redio au ya mawimbi ya sauti.

Nani hukubaliwa?

Katika HTN-3 mgonjwa alitakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 80, na shinikizo la juu lisilopungua milimita 160 za zebaki linapopimwa kliniki, ilhali anatumia dawa zisizopungua tatu kwa kiwango cha juu anachokimudu, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo. Vilevile alivaa kipimo kwa saa 24, ili kuwaondoa wale ambao shinikizo lao hupanda tu wamwonapo daktari. Waliochunguzwa walikuwa 1,441. Walioingia ni 535, katika vituo 88.

Kura na tiba bandia

Aliyekubaliwa hakuchagua kundi lake. Wagonjwa wote walilazwa mezani, wakapewa dawa ya usingizi mwepesi na kupigwa picha za ateri za figo. Hapo ndipo kura ilipoamua. Kwa kila watu watatu, wawili waliunguzwa neva, na mmoja hakufanyiwa zaidi ya picha hizo. Kwa miezi sita wagonjwa hawakuelezwa wamo kundi gani, na waliowapima shinikizo pia hawakujua.

Utaratibu huo unaweza kuonekana wa kikatili, lakini ulikuwa na sababu. Katika jaribio lililotangulia, HTN-2 la mwaka 2010, lililokuwa na wagonjwa 106, shinikizo la waliotibiwa lilishuka kwa takriban milimita 32 huku la wenzao likibaki karibu palepale. Hata hivyo, jaribio hilo halikuwa na tiba bandia, na kila mgonjwa alijua alichofanyiwa.

HTN-3 ilipokamilika, shinikizo la waliounguzwa neva lilikuwa limeshuka kwa milimita 14.13, na la waliopata tiba bandia kwa milimita 11.74. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba tiba inafaa, ingawa haikuonekana kuwa na hatari kubwa. Kufuatiliwa kwa karibu, na pengine kumeza dawa kwa uaminifu zaidi, kuliwashusha hata wale ambao neva zao hazikuguswa.

Baada ya kushindwa

Watafiti walirudi kuyachambua matokeo. Ilibainika kuwa baadhi ya madaktari walikuwa na uzoefu mdogo wa kazi hiyo, na kuwa wagonjwa wengi walibadilishiwa dawa katikati ya jaribio. Vifaa vikaboreshwa na majaribio mapya yakapangwa, yote yakiwa na tiba bandia. Katika baadhi yake wagonjwa waliacha dawa kwa muda wakiwa chini ya uangalizi, ili athari ya tiba ionekane peke yake. Safari hii tofauti ilithibitika, japo ya wastani. Mnamo Novemba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha vifaa viwili: Paradise, cha mawimbi ya sauti, na Symplicity Spyral, cha mawimbi ya redio. Hutumika kama nyongeza pale ambapo dawa na mabadiliko ya mwenendo wa maisha havikutosha.

Maswali kabla ya kutia saini

Kabla ya kutoa ridhaa, mgonjwa ana haki ya kuuliza: Uwezekano wa kupangiwa tiba bandia ni upi? Je, ataendelea na dawa zake, na nani atachukua hatua shinikizo likipanda ghafla? Ateri ikijeruhiwa, gharama ni za nani? Je, kundi la tiba bandia litapewa tiba halisi baadaye, kama lilivyoruhusiwa katika HTN-3 kwa waliokuwa bado wanakidhi masharti?

Anaweza pia kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma yake ya kawaida. Na akibaki, ajue kwamba jaribio hufanywa kwa sababu jibu bado halijapatikana. Kipimo chake huhesabiwa sawa na cha wengine, kishuke au kisishuke.