Kodi ya Shaba na Swali la Haki Katanga

Vijana wenzetu, sisi tuishio Lubumbashi tumezoea kusikia kwamba Katanga ndiyo inayoilisha Kongo nzima. Neno hilo limetamkwa katika mji huu tangu kabla ya uhuru, na kila lilipotamkwa kwa sauti kubwa palikuwa na mtu aliyetafuta kura. Tunaona inafaa kulichunguza, maana limewahi kujenga serikali na limewahi kumwaga damu.

Hapo mwanzo kodi haikuwa jambo la kujadiliwa. Mji wetu, ulioitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910, na katika mwaka huohuo Wabelgiji walitoa amri ya kodi ya kichwa kwa wenyeji. Kodi hiyo ilitakiwa kwa fedha taslimu, na mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja aliongezewa malipo. Shamba la mihogo halizai faranga. Aliyetaka kulipa alilazimika kutafuta mshahara, na mshahara ulikuwa katika migodi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Hivyo kodi ilijaza hazina na wakati huohuo ikaipatia kampuni wafanyakazi. Mlipaji hakuulizwa lolote, wala hakuwa na kura ya kumwondoa aliyemtoza.

Kura ya kwanza ilifika Desemba 1957, katika uchaguzi wa komini. Wengi wa Waafrika waliopata uongozi hapa mjini walikuwa watu ambao asili yao ilikuwa nje ya Katanga, hasa Kasai. Mwaka uliofuata chama cha CONAKAT kikaundwa, na baadaye Moïse Tshombe akawa kiongozi wake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: shaba ni yetu, kodi ya shaba huenda Léopoldville, na wageni wanachukua nafasi zetu. Tukumbuke kwamba wengi wa hao walioitwa wageni walikuwa wameletwa ili waichimbe shaba hiyohiyo, wao au baba zao. Hoja iliyoanza kwa hesabu ya fedha ilikuwa imekwisha kugeuka kuwa hoja ya ukoo, na kwa maoni yetu hapo ndipo sumu ilipoingia.

Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo. Mshindani wake mkubwa alikuwa Jason Sendwe wa BALUBAKAT, mwenye nguvu kaskazini, ambako migodi mikubwa ya shaba haikuwako. Wajumbe wa upande wa Sendwe walisusia baraza ili idadi ya kikao isitimie. Ubelgiji ikabadilisha sheria, na Tshombe akaunda serikali. Tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Union Minière ikawa inailipa serikali yake kodi ambazo zingepaswa kwenda mji mkuu. Bila fedha hizo utengano haungeweza kulipa askari wala makarani. Kaskazini watu waliokataa utengano walishambuliwa na vijiji vikachomwa moto. Nao pia walikuwa wana wa Katanga. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa si mbali na mji wetu.

Mwezi Agosti 1962 U Thant, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipendekeza mpango wa upatanisho, na ndani yake mlikuwa na jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: mapato ya kodi na ya madini yagawanywe nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na Katanga, hadi katiba mpya ipatikane. Baada ya maiti nyingi kiasi hicho, watu walirudi kwenye asilimia. Mpango haukutekelezwa, utengano ulimalizwa kwa silaha Januari 1963.

Asilimia zilirudi tena. Katiba ya Februari 2006, katika ibara ya 175, inasema majimbo yapewe asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na kwamba sehemu hiyo izuiliwe palepale inapokusanywa. Haikufanyika hivyo. Fedha ziliendelea kupanda Kinshasa kwanza, kisha kurudi kidogo na kwa kuchelewa, na magavana wakapata kilio cha kudumu. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne. Kolwezi na kobalti yake vikaenda Lualaba. Tanganyika na Haut-Lomami zikabaki na migodi michache mno. Lubumbashi, iliyozoea kuilaumu Kinshasa, ikaanza kumtazama jirani wa Kolwezi kwa jicho lilelile.

Kisha ikaja sheria ya madini ya Machi 2018. Makampuni makubwa yalipinga, wakuu wake wakaenda kukutana na Rais Joseph Kabila, naye akaitia sahihi siku chache baadaye. Mrabaha wa shaba ulipanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kobalti ikafikishwa asilimia 10. Sheria hiyo ilisifiwa na wengi, lakini haikumpa ushindi mgombea wa upande wake katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo: Emmanuel Ramazani Shadary alitangazwa wa tatu.

Lililo kubwa zaidi kwetu katika sheria hiyo ni mgawanyo. Nusu ya mrabaha huenda serikali kuu, asilimia 25 jimboni, 15 kwa mji, komini, sekta au milki ya chifu palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni huweka sehemu ya jimbo na ya eneo moja kwa moja katika akaunti zao, bila kupitia Kinshasa. Yale ambayo ibara ya 175 iliyaahidi yametimia kidogo, kwa mlango wa pembeni.

Sasa swali limeshuka hadi kijijini. Madiwani wa komini walipigiwa kura Desemba 2023 katika miji mikuu ya majimbo, na huko tu. Sekta na milki za machifu zinazopokea asilimia 15 bado hazijachagua madiwani wa kuuliza fedha hizo zilijenga nini.